Gari Lililomsahau Mjomba

Leo, mbele ya wazee na vijana, mbele ya wapenda haki wote na mbele ya historia yenyewe, naleta taarifa ya uchunguzi mzito kuliko wote uliowahi kufanyika katika ukoo wetu. Mshukiwa alikuwa mtu wa ndani. Mpelelezi alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na tisa. Marehemu alikuwa injini ya gari, iliyokufa kwa muda wa sekunde nane, kisha ikawaka tena.

Naona msomaji anataka kufunga kitabu. Asubiri kidogo. Ndani ya gari hilo alikuwamo Bibi, mama yake Baba, mwenye miaka sabini na minane, akipelekwa kliniki kupimwa presha. Gari lilizima katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara, na lori lililokuwa nyuma lilifunga breki likabakiza urefu wa mkono mmoja. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili, saa tatu kasorobo asubuhi, Mpelelezi aligonga geti.

Mpelelezi ni Shangazi yangu, dada yake Baba. Kazi yake ni kukagua magari yaliyopata ajali kwa niaba ya kampuni ya bima. Hutazama bati lililokunjika, huuliza maswali matatu, kisha husema nani anadanganya. Katika ukoo anaitwa Kamanda, ila akiwa hayupo. Alikuja na mkoba mweusi, chupa tupu ya jemu na karatasi nyeupe. Mimi, niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, nilikuwa kwenye ngazi za baraza na kitabu cha kemia. Alinipita kama anavyopita chungu cha maua.

"Kaka, nasikia umeshatoa hukumu," alimwambia Baba.

"Hukumu gani? Gari limezima barabarani na mama yetu yumo ndani. Gari zima halizimi."

"Magari mazima yangekuwa hayazimi, mimi ningekuwa nauza mchicha."

Hukumu ya Baba ilikuwa imeshaenea mtaa mzima. Gari ni lake, lakini anayeliendesha kama teksi ni Mjomba, kaka yake Mama, huu mwaka wa sita. Usiku gari hulala uani kwetu, na Mjomba huja alfajiri kulifuta na huoga hapa kabla ya kuanza kazi. Baba alisema shemeji yake hununua petroli ya madumu barabarani, ile ya bei rahisi inayochanganywa na mafuta ya taa, akatia chenji mfukoni, na kwamba petroli hiyo ndiyo iliyotaka kumtoa Bibi roho. Dereva mwingine alikuwa ameitwa aje saa sita mchana kuchukua funguo. Mjomba ana mke na watoto watatu, na wote watano wanakula kwa usukani huo. Mama angemtetea ndugu yake, lakini ni muuguzi, na siku hizo mbili alikuwa zamu tangu alfajiri.

Mjomba mwenyewe alikuwa uani, akifuta kwa kitambaa gari ambalo lilikuwa limeshang'aa.

"Shemeji, habari za tangu juzi," Shangazi alimsalimu.

"Nzuri, shemeji. Zimeharibika jana tu."

"Mafuta unanunua wapi?"

"Kituo cha karibu na shule ya msingi. Miaka yote sita. Pampu ya pili kutoka kushoto."

"Kwa nini ya pili?"

"Ya kwanza ina foleni."

"Na dumu?"

"Dumu nalijua la maji ya kuogea."

Shangazi aliandika. Mjomba aliendelea kufuta mlango uleule.

"Gari hili linanijua, shemeji," alisema. "Nikikohoa tu, linawaka. Jana limenitazama kama vile hatujawahi kuonana."

Shangazi hakuandika hilo. Alichomeka mpira mwembamba kwenye tanki, akavuta, akajaza nusu ya chupa ya jemu, akaiweka juu ya ukuta penye mwanga. Kisha akatazama saa yake. Tulisubiri dakika kumi nzima, na Baba alisema mara mbili kwamba anapoteza muda wake. Petroli ilibaki safi mpaka chini. Maji yangekuwamo yangejitenga na kukaa kwenye kitako cha chupa. Shangazi alidondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe na kuipunga hewani. Yalikauka bila kuacha alama.

"Mafuta ya taa huacha doa," alisema, "kama kitu cha kukaanga kilichowekwa juu ya gazeti. Hapa hakuna."

"Amebadilisha usiku," Baba alisema.

"Amenyonya tanki zima usiku, akajaza jipya, na mbwa wa jirani hakubweka?"

"Mbwa wa jirani ni rafiki yake."

"Kaka, kaa chini."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nayo ikapiga kelele ndogo.

Shangazi aliingia garini, akainama chini ya usukani na kuchomeka mashine ya kusoma kompyuta ya injini, ndogo kama rimoti ya televisheni. Mjomba aliwasha. Injini ilinguruma, ikashuka, ikatetemeka, ikafa. Akawasha tena. Ikafa tena. Mara ya tatu alikanyaga mafuta kidogo tu kwa ncha ya kiatu, na injini ikaenda vizuri kabisa, bila kukohoa wala kutoa moshi. Alipoondoa mguu, ikafa.

"Ikila mafuta inakwenda," Shangazi alisema. "Ikiachwa ipumzike inakufa. Petroli mbaya haichagui hivyo."

Alisoma namba moja moja, akarudia kuzisoma, kisha akatoka na kusimama katikati ya ua.

"Nisikilizeni. Kompyuta ya gari inanusa moshi unaotoka. Ikiona mafuta yamezidi inapunguza, ikiona yamepungua inaongeza, na kila inachojifunza inakiweka akilini ili kesho isianze upya. Gari likizeeka linakuwa na vilema vyake, na kompyuta inavizoea. Hili lina miaka kumi na minne. Nilitegemea kukuta masahihisho ya kila aina. Nimekuta karibu sifuri kila mahali, kama daftari la siku ya kwanza ya muhula."

"Maana yake?" Baba aliuliza.

"Kumbukumbu imefutwa. Kuna mtu alifungua waya wa betri."

Baba alisimama. Ndoo ilianguka.

"Ushahidi umefutwa, basi. Kama petroli ilikuwa mbaya, kompyuta ingekuwa imeiandika. Sasa haimo. Nani ana faida ya kuifuta?"

Kitambaa cha Mjomba kilisimama juu ya bati. Lazima nikiri kwamba hoja ilikuwa nzuri. Watu hufuta kumbukumbu za magari kila siku, hasa wanaotaka kuzima taa ya onyo kabla mnunuzi hajafika. Shangazi mwenyewe hakuipinga. Aliuliza tu nani mwingine hugusa betri hiyo, na Mjomba akamtaja fundi wake.

Fundi huyo anaitwa Fundi Kesho, kwa sababu ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lake halijawahi kubadilika. Alipigiwa simu na akafika baada ya dakika ishirini, jambo lililotushtua wote.

"Ni wewe uliyefungua betri ya gari hili?" Shangazi alimuuliza.

"Mimi? Lini?"

"Ndilo swali langu."

"Betri naifungua kila gari, Mama. Likija kwa breki naifungua. Likija kwa kioo naifungua. Ni adabu ya kazi."

"Hili lilikuja kwako lini mara ya mwisho?"

"Siku nane zimepita. Breki za nyuma."

"Ukaifungua?"

"Si nimeshasema ni adabu."

Baba alimnyooshea kidole. Kwa muda wa kama dakika moja Fundi Kesho ndiye aliyekuwa mhalifu, na nilimwona akitazama umbali uliopo kati yake na geti. Shangazi alimgeukia Mjomba.

"Tangu siku hiyo umetembea kilomita ngapi?"

"Siku nane? Mia saba. Labda mia nane."

"Mashine inasema tangu kumbukumbu ifutwe, gari limetembea kilomita kumi na moja." Alimrudia fundi. "Wewe nenda kapumzike kivulini. Au tuseme, kabla hujapumzika, nifungulie bomba la hewa."

Fundi Kesho alifungua boneti, akachomoa bomba nene jeusi, akaingiza kidole na kukitoa kikiwa cheusi kama mkaa.

"Huu ndio mlango wa hewa, Mama. Una masizi ya miaka. Hewa inapita kwa shida. Kompyuta ilishajua, kwa hiyo gari likiwa limesimama ilikuwa inauacha mlango wazi zaidi kidogo. Ni kama chumba chenye mlango mbovu. Mwenye nyumba anajua kuupiga bega. Akija mgeni anausukuma kwa kidole, anabaki nje."

"Na sasa kompyuta ni mgeni."

"Mgeni kabisa. Inafungua mlango kwa kipimo cha gari jipya, hewa haitoshi, injini inazimika. Hasa ukipunguza mwendo. Kwenye taa, kwenye kona."

"Kwenye mzunguko."

"Hapo ndipo penyewe. Mafuta hayana kosa lolote. Gari limesahaulishwa."

"Linatengenezeka?"

"Nausafisha mlango, naliacha lingurume bila kuguswa mpaka lijifunze. Saa moja."

"Leo?"

Fundi Kesho alifikiri sana. "Leo," alisema, kwa shida.

Shangazi alifunga daftari na kulifungua tena. "Shemeji, kutoka hapa mpaka kliniki ni kilomita ngapi?"

"Tano na nusu."

"Kwenda na kurudi kumi na moja. Baada ya hapo hukwenda popote?"

"Ningekwenda wapi, na shemeji alishaniambia nisiliguse?"

"Basi kumbukumbu ilifutwa hapa uani, jana asubuhi, kabla Bibi hajapanda."

Baba alitabasamu kwa huzuni ya mtu aliyeshinda. Jana asubuhi gari lilikuwa uani, na aliyekuwa nalo alikuwa Mjomba. Mjomba aliweka kitambaa begani. Hakusema chochote, na mtu asiyesema chochote katika ua wetu huhesabiwa kuwa amekiri.

Shangazi alirudi kwenye kiti cha dereva, akakaa mikono ikiwa mapajani. Alitazama kioo cha mbele. Akatazama pedali, zulia la miguuni na kisanduku cha nyaraka. Kisha akatazama saa ndogo ya kijani juu ya redio, akatazama na ya mkononi mwake.

"Shemeji. Saa hii inasema 9:52."

Mjomba aliinama dirishani. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu tatu.

"Hiyo si saa yangu," alisema.

"Ina kosa gani? Yangu pia ni 9:52."

"Yako ni ya kizungu. Mimi saa ya gari naiweka kwa Kiswahili. Sasa hivi ni saa tatu na dakika hamsini na mbili, basi iandike tatu. Abiria wananicheka miaka yote sita. Sijawahi kuamka asubuhi nikasema ni saa tisa, na sitaki gari langu liseme."

"Bibi?" Shangazi aliita kuelekea barazani. Bibi alikuwa amekaa ndani ya mlango kwenye kiti chake. Ilibidi aitwe mara tatu. "Saa ya gari inasomaje?"

"Inasoma vizuri," Bibi alijibu. "Ndiyo peke yake hapa nyumbani ninayoielewa."

Sasa Shangazi aliongea polepole, akihesabu kwa vidole. Betri ikifunguliwa, saa hufa. Ikirudishwa, saa huanza upya kutoka moja. Kwa hiyo aliyefungua betri aliikuta saa imeharibika, akairekebisha ili asijulikane, na akairekebisha kwa namna ambayo dereva wa gari hili hajawahi kuitumia hata siku moja.

"Jana hukuiona?" alimuuliza Mjomba.

"Jana nilikuwa natazama lori, shemeji."

"Mimi saa siweki," Fundi Kesho alisema kutoka chini ya boneti, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Muulizeni mteja yeyote. Gari likitoka kwangu ni saa moja." Alisema kwa fahari.

"Kaka?"

"Mimi?" Baba alishangaa.

Hapo haki inanitaka niingilie kati. Jiko letu la umeme lina saa, na saa hiyo imekuwa ikimulika sifuri nne tangu umeme ulipokatika miaka mitatu iliyopita. Kila mgeni huiona. Shangazi pia alikuwa ameiona.

"Ile nitaiweka," Baba alisema. "Sijapata muda tu."

"Najua hujapata," Shangazi alisema, na akamfuta kwenye orodha. Bibi hakuhitaji kufutwa. Mama alikuwa hospitali. Shangazi alivuta mstari chini ya majina, akaingia ndani, na akataka watu wote sebuleni, pamoja na mwanafunzi wa kwenye ngazi, ambaye tangu saa tatu kasorobo alikuwa ukurasa wa arobaini na moja.

Sebuleni Bibi alikaa kwenye kiti chake, Baba kwenye kiti kikubwa, Mjomba akasimama karibu na meza. Nilisimama kando ya kabati la vitabu, mahali penye hadhi. Kutoka uani tulimsikia Fundi Kesho akisugua.

"Nimefika mwisho," Shangazi alisema. "Petroli ni safi. Hilo ninaliandika na kulisaini. Lakini aliyefungua betri sijamjua. Kufungua ni kazi ya sekunde tano: unalegeza, unanyanyua, unarudisha. Na sekunde tano kila mtu anazo. Mtu anaweza kufanya akienda kuoga. Kuhusu saa, mtu anaweza kuweka ya kizungu makusudi ili atupoteze. Kwa hiyo siwezi kumtoa shemeji. Kaka, saa sita ikifika, fanya ulivyopanga."

Mjomba alitoa funguo mfukoni. Alizitazama, akaondoa kwenye pete ufunguo wa nyumba yake, kisha akaweka uliobaki mezani. Haukutoa sauti kubwa.

"Sekunde tano hazitoshi," mtu alisema. "Kompyuta inabaki na umeme ndani yake. Ni lazima uache robo saa, la sivyo haisahau kitu."

Ilikuwa sauti safi, yenye matamshi mazuri, sauti ya mtu aliyezoea kumsahihisha mwalimu akiwa nyuma ya darasa. Ilikuwa sauti yangu. Mpaka leo sijui kama niliongea kwa ujuaji au kwa ajili ya ule ufunguo.

"Robo saa," Shangazi alirudia, akaandika. Hakuonekana kushangaa. "Umejuaje?"

"Nilisoma."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ukajaribu lini?"

Fundi Kesho aliacha kusugua. Nadhani alikuwa anasikiliza.

"Jana," nilisema. "Mjomba alipokuwa anaoga."

"Kwa spana gani?"

"Namba kumi. Yake mwenyewe, ya chini ya kiti."

"Na saa?"

"Ilikuwa inasema saa moja kamili. Niliona itaniumbua. Nikaiweka kwa simu yangu."

Baba aliinuka. Shangazi alinyoosha kalamu mbele yake bila kumtazama, naye akakaa.

"Kwa nini?" Baba aliuliza. "Mjomba wako amekukosea nini?"

Hapo sura hii ingepaswa kuwa na sababu nzito: kisasi, urithi, mapenzi. Sababu yangu ilikuwa kwamba kila siku Mjomba husema gari linamjua, na shuleni nilikuwa nimewaambia wenzangu wa bweni kwamba nitalisahaulisha, nione atasemaje likimkana. Nilitaka nije nimwambie mezani, wakati wa kula, na wote wacheke. Nilisema hivyo. Kikisemwa sebuleni mbele ya watu wazima wanne, kichekesho hicho kilikuwa kirefu mno na hakikuwa na mahali pa kuchekea.

"Sikujua kwamba litazima," nilisema. "Walioandika mtandaoni walisema litakuwa jepesi."

Mjomba hakuwa ameuchukua ufunguo. Baba aliusogeza kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Mjomba, akatoa simu, akatoka kwenda kumwambia yule dereva mwingine asije. Mjomba aliuacha hapo ukingoni. Alinigeukia. Kwa kawaida huniita Profesa. Safari hii hakuniita chochote.

"Gari lilinisahau kwa sababu uliifungua betri," alisema. "Sawa. Jana kutwa nzima naitwa mwizi humu ndani, na wewe umekaa pale kwenye ngazi. Wewe ulinisahau kwa sababu gani?"

Nilikuwa na majibu. Mwanafunzi wa bweni huwa na jibu la akiba kila mfuko. Niliyaacha yote mfukoni.

"Niliogopa," nilisema. "Nilijua tangu mliporudi. Nilijua kabla Baba hajaanza kusema habari za madumu. Nilifikiri yatapita. Na, Mjomba, mliporudi, nilisikia injini ikikohoa getini. Nilikuwa chumbani. Nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka nilipotoka nikamwona Bibi anashindwa kufungua mkanda."

Shangazi aliweka kofia kwenye kalamu yake. "Bibi hajasikia hata neno moja," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya gari. Nenda."

Bibi alikuwa ananitazama kwa upole, kwa sababu aliona watu wote wamenikazia macho na hakujua kwa nini. Nilipiga magoti karibu na kiti chake na kumwambia.

"Unasemaje?" aliuliza, akiweka kiganja nyuma ya sikio.

Ikabidi nirudie, kwa sauti ya kusikika mpaka uani.